Amplifaya Mbili za Baba Yako

Editha mwanangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Barua hii utaisoma ukiwa umeshapanda gari, maana ukiisoma hapa mbele yangu nitakunyang'anya. Sasa hivi umekwenda Ntobeye kumuaga shangazi yako, na jua bado lipo. Nimekaa kwenye benchi la baba yako. Mbele yangu zipo zote mbili, Ndogo na Kubwa, zimefunikwa vitenge kama wagonjwa.

Mambo ya chakula, ya chumba, ya kanisani na ya wanaume sikuandikii. Umesoma chuo mbali na mimi, na kama hayo yangekuharibu yangeshakuharibu. Mimi nina neno moja tu, na nimelizunguka wiki nzima bila kulisema, nikawa nakugombeza kwa ajili ya sufuria.

Yule mzee wa Mwanza unayekwenda kufanya kazi kwake, anayetengeneza amplifaya za zile taa za kioo za kukuza sauti, za watu wanaopenda kusikiliza santuri nyumbani kwao, amekwambia uende na zote mbili. Azisikilize, azilinganishe, halafu mtengeneze ya tatu. Ndogo ichukue, ni yako. Lakini Kubwa ndiyo iliyomuua baba yako. Tangu uniambie, sijui kama kesho nitakuachia uipakie au nitaikalia juu mpaka gari liondoke. Ninapoandika hapa bado sijui. Labda nikiandika nitajua.

Wewe unazijua kwa ndani, mimi nazijua kwa kukaa nazo. Ndogo ilizaliwa kabla yako. Baba yako alikuwa anatengeneza redio Ngara mjini, enzi zile za wakimbizi, kila mtu anataka kusikia kwao kukoje. Padri mmoja mzee alikuwa na radiogramu iliyokufa, akampa yote na kabati lake. Baba yako akaibeba kwa baiskeli mpaka huku Mugoma, na mvua ikamnyeshea njia nzima, akavua shati akaifunika. Nikamwambia, "Umeoa hiyo au umenioa mimi?" Akasema, "Wewe mvua haikuharibu."

Kwenye radiogramu ile ndiko alikotoa taa za Ndogo. Nakumbuka alivyonionyesha, mimi nikiwa na tumbo lako. Hii inapokea sauti, hii inaikuza. Na hii nene huku pembeni, akasema, haiimbi, ila bila yenyewe wenzake hawapati umeme wa kula. Nikaielewa hiyo nene kuliko zote, kwa sababu ni kama mimi.

Tulikuwa tunawasha jenereta, kisha tunangoja. Unakumbuka mzee Pastori jirani yetu alivyokuwa akimtania? "Fundi, wewe unasikiliza muziki au unachemsha maharage?" Baba yako anamjibu, "Subiri ziive, mzee, utakula." Zikishakuwa nyekundu ndipo sauti inakuja, polepole, kama mtu anayetoka chumba cha ndani. Na wakati wa kuzima ilikuwa hivyo hivyo. Anazima, anachomoa plagi, anainama kuzitazama taa. Nyekundu ikiisha kabisa, ndipo anaigeuza na kuingiza mikono. Aliniambia, "Mama Editha, taa ikipoa, na umeme umeisha. Taa ndiyo inayoniambia." Na kwa Ndogo ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo haikumdanganya hata mara moja.

Kubwa ilikuja na nguzo za umeme. Alipata taa kubwa nne kutoka kwenye amplifaya ya gari la sinema lililokuwa limeozea Biharamulo, na transfoma nzito ambayo aliibeba mgongoni kama mtoto. Ila ile taa nene ya pembeni, ya kulisha wenzake, hakuipata. Alitafuta mpaka akachoka. Mwishowe akaweka diodi. Nilimuuliza ndiyo nini, akanionyesha kiganjani, vitu vidogo kama punje za mtama zenye miguu. Nikacheka. Nikasema, "Hivi ndivyo vitafanya kazi ya ile taa yote?" Akasema, "Tena havipati hata joto." Alikuwa na furaha sana siku hiyo.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize.

Alipomaliza Kubwa akaziweka zote mbili kwenye meza, spika ni zile zile, kaseti ni ile ile. Akanikalisha kwenye kigoda katikati. Akapiga Ndogo, kisha akahamisha waya akapiga Kubwa. Akauliza, "Ipi?"

Editha, mimi nilisikia. Sijasoma lakini masikio ninayo. Kwenye Ndogo, mwimbaji alikuwa chumbani na sisi, unasikia anapovuta pumzi kabla ya kuanza. Ngoma ndiyo ilikuwa dhaifu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Kubwa ilikuwa na ngoma ya kukugonga kifuani, vikombe vikitetemeka kabatini, na gitaa zote unazisikia kila moja mahali pake. Lakini mwimbaji alikuwa amesogea mbali. Anaimba vizuri, ila hakuwa anaimba kwangu.

Nikasema, "Kubwa."

Nilisema Kubwa kwa sababu baba yako alikuwa ananitazama. Alikuwa amekonda kwa ajili yake, vidole vimejaa malengelenge ya solda. Ningesemaje Ndogo? Akapiga kofi moja, akaipandisha Ndogo juu ya rafu, na hapo juu ikakaa. Kuanzia siku hiyo ni Kubwa aliyoifungua kila mara, kuiongezea hiki, kuipunguzia kile, kwa sababu mke wake aliipenda. Hakuijua kama alivyoijua Ndogo. Mikono yake ilikuwa na mazoea ya Ndogo, akaiingiza kwenye Kubwa.

Huko unakokwenda watakukalisha kwenye kiti hicho hicho. Watakuuliza ipi. Atakayekuuliza atakuwa mzee wako, au ndiye anayekulipa, au ni kijana unayempenda, na atakuwa anakutazama. Mimi siwezi kukufundisha la kujibu. Nakwambia tu jibu langu lilinifikisha wapi.

Kisha bibi yako akafariki. Wewe ulikuwa mdogo lakini msiba unaukumbuka, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Unajua kwetu, nyumba yenye matanga haiimbi. Jembe halishikwi, muziki hausikiki, mpaka wazee wakae, matanga yaishe. Sasa baba yako mdogo akawa anaomba awashiwe taarifa ya habari tu. Habari tu! Na sisi tunamjua, habari zikiisha mkono hauendi kuzima. Wamama wakaniita jikoni. Mmoja akaniambia, "Mama Editha, nyumba yako ina mdomo mkubwa. Uufunge mapema kabla haujatutia aibu."

Ningeweza kuificha waya. Ningeweza kufunga chumba. Lakini nilimwona baba yako mara nyingi akichomoa taa kuzifuta vumbi, nikajua namna. Nikazichomoa zote, za Ndogo na za Kubwa, nikazifunga kwenye kanga, nikaziweka kwenye kikapu chini ya maharage. Niliona nimefanya jambo la heshima. Baba yako alipokuja kuona mashimo matupu alicheka, japo alikuwa na msiba wa mama yake. "Umezing'oa meno," akasema. Hakukasirika. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko cha kwanza tangu mazishi.

Wazee walikuwa hawajakaa bado kumaliza matanga. Ilikuwa mchana, wewe uko shule. Kubwa ilikuwa na kangurumo fulani kalikokuwa kanamsumbua muda mrefu, hajui kanatoka wapi. Mimi napita na beseni la ndizi za kumenya, akaniita mlangoni. "Njoo usikie. Taa hazipo, haiwezi kuimba, kwa hiyo wazee hawana kesi na mimi. Nataka nijue kama anayenguruma ni transfoma mwenyewe." Akaiwasha. Tukainama wote wawili. Kweli ikawa inanguruma, taratibu, kama paka. Akanitazama, akasema, "Umesikia? Nimemkamata."

Akazima. Akachomoa plagi. Akainama kutazama taa, kwa mazoea yake, kisha akajicheka kwa sababu hapakuwa na taa za kutazama. Hata hivyo akangoja kidogo. Mimi nikanyanyua beseni. Sikuwa nimefika uani niliposikia bisibisi ikidondoka sakafuni.

Yaliyofuata siyaandiki. Wewe ulirudi ukakuta watu wa msiba wameongezeka, ukadhani wamekuja kwa ajili ya bibi.

Baba yako mdogo ndiye aliyelisema kwanza, pale pale, kabla hata hatujamfunika: mama yao amekasirika. Fundi amewasha mashine yake kabla matanga hayajaisha, na mama hakukubali. Watu wakaitikia. Na mimi, mwanangu, nikaitikia. Nilitingisha kichwa, nikalia, nikatingisha tena. Nilijua haikuimba. Nilijua hakuwa amevunja kitu. Lakini lile neno lilikuwa na mahali pa kukaa, na mimi nilikuwa natafuta pa kukaa.

Matokeo yake ulikua unaogopa kaburi la bibi yako. Ulikuwa unazunguka shamba zima la kahawa usipite karibu nalo, bibi ambaye alikubeba mgongoni kuliko nilivyokubeba mimi. Ukiniuliza baba alikosa nini, nakuambia nenda kachote maji. Nikafunga chumba hiki na kufuli. Nilidhani nakulinda na mashine. Kumbe nilikuacha na uongo, na mtoto hawezi kuupima uongo wa mama yake kwa mita.

Halafu ukaenda chuo, ukarudi likizo. Nakumbuka nilikuwa nakaanga dagaa. Ulisimama mlangoni na nguo za safari bado.

"Mama, zile taa za baba, siku ile, zilikuwa ndani au nje?"

Nikasema, "Za nini leo?"

"Nijibu tu, mama. Ndani au nje?"

"Nje. Nilizitoa mimi."

Ukakaa chini kwenye jiwe la kusagia. Ukasema, "Basi siyo bibi. Ni diodi."

Ukanieleza, na ulinieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye, japo walikuwa wachache. Kwamba ndani mna vile vikopo vya kutunza umeme. Kwamba kwenye Ndogo ukizitoa taa zote, na ile nene ya kulisha imetoka, basi vikopo havijazwi kabisa. Kwenye Kubwa diodi zimechomelewa huko ndani, hazitoki na taa, kwa hiyo ukiwasha vinajaa. Na siku za kawaida ukizima, taa zenyewe zikiwa bado za moto zinaunywa ule umeme mpaka uishe, ndiyo maana baba alikuwa salama akitazama wekundu. Siku ile hapakuwa na wa kuunywa. Alichomoa plagi, lakini vikopo vimebaki vimejaa, vinamngoja. Ukasema kulitakiwa kuwa na kirezista kimoja cha kuvimaliza polepole. Kitu kidogo, kinauzwa dukani kama pipi.

Uliniletea habari ile kama zawadi. Niliona usoni kwako. Ulitaka kunitua mzigo, kwamba hatujalaaniwa, kwamba bibi analala salama, kwamba baba hakumkosea mtu. Na mimi nikageuza dagaa. Nikakuambia, "Kaoge, una vumbi."

Nisamehe, Editha. Wakati ule ilipokuwa hasira ya bibi yako, haikuwa mkono wangu. Ulipoiondoa kwa bibi, mimi niliona inakuja moja kwa moja kwenye mikono iliyozichomoa taa. Wewe uliliona hilo baadaye, kesho yake, ukanifuata kwenye mgomba ukasema, "Mama, hata usingezitoa, ipo siku zingeungua zenyewe na yangemkuta yale yale." Sijui kama hiyo ni elimu au ni mtoto anamwonea huruma mama yake. Sikukuuliza. Hata leo sitaki uniambie.

Ila kuna kitu ulikifanya baada ya hapo ambacho sikukushukuru. Ulipita kwenye kaburi la bibi yako, ukang'oa majani yote kwa mikono, mchana kutwa, ukiongea naye. Nilikuona. Nilisimama nyuma ya mti wa kahawa kama mwizi.

Basi sasa nifike kwenye la kesho.

Nilikusikia ukiongea na yule mzee kwenye simu. Anasema Kubwa uje nayo ilivyo, usiguse kitu, hata waya usibadilishe, anataka aisikie kama fundi alivyoiacha. Ukamwitikia, "Sawa, mzee." Baadaye nikakuuliza, kirezista je? Ukasema mtaweka mkishalinganisha. Nikakuuliza mnalinganishaje. Ukanieleza kwa furaha, unachomoa taa hii unaweka ile, taa za Urusi, taa za Uchina, unasikiliza tofauti, unachomoa tena. Na wenzako wa pale nao watajaribu za kwao.

Mwanangu, ulijisikia ulichosema? Taa nje, diodi ndani, mtu anawasha kidogo tu kujaribu, anazima, anaingiza mkono. Ndiyo kazi yenu ya kila siku huko. Wewe unajua. Lakini jirani yako wa benchi, kijana aliyefundishwa kwenye mashine nyingine, ana mazoea yake kama baba yako alivyokuwa na yake. Naye ana mama.

Ndipo nilipokugombeza kwa ajili ya sufuria.

Nimekaa hapa nikawaza niichukue nyundo iliyo ukutani. Ni kazi ndogo, taa ulishazirudisha zote, nazo ni kioo. Nimeishika hata. Lakini nimefunua kitenge, nikaona jinsi alivyozipanga waya chini ya bati, zimelala pamoja kama nywele zilizosukwa. Wewe mwenyewe uliniambia hujawahi kuona mkono safi kama ule hata chuoni. Nikiivunja, nitakuwa nimemwambia baba yako kwamba alikosea yote, wakati alikosea kitu kimoja. Na wewe utakwenda hata hivyo. Utatengeneza nyingine kama hii ambayo siijui, mahali ambapo siwezi kuja na nyundo.

Kwa hiyo ichukue. Nimeandika, ndiyo nimejua. Kesho nitakusaidia kuibeba mpaka barabarani, na kijana wa gari nitamlipa aipakie ndani, siyo juu.

Lakini kirezista uweke kabla. Kabla ya yeyote kuisikiliza. Uliniambia kwa mdomo wako kwamba hakisikiki, hakipunguzi sauti wala hakiongezi, hata mwenye masikio ya mbwa hawezi kujua kama kipo. Basi huyo mzee anapoteza nini? Mwambie mama yako amekataa. Wewe mtoto wa watu, hutaki kubishana na mkubwa siku ya kwanza, nakuelewa, nimekulea hivyo mimi mwenyewe. Nilikulea usalimie, uitikie, ukubali. Kwa hili ukatae. Akisema ni ushamba, sema ndiyo, mzee, ni ushamba wa mama. Akikufukuza, nauli ya kurudi ipo na chumba hiki hakina kufuli tena.

Na hiyo ya tatu mtakayoitengeneza, nakuomba isiwe na haja ya kubahatisha. Sijui itakuwa na sauti gani. Ningependa iwe na ngoma ya Kubwa na mwimbaji akae karibu kama kwenye Ndogo, lakini labda havikai pamoja, wewe ndiye unajua. Iwe vyovyote itakavyokuwa. Ila mtu akiizima, iwe imezimika.

Nasikia mbuzi wanarudi, na wewe utakuwa unapanda kilima. Nimalize.

Siku utakayoifungua Kubwa usiniambie mapema. Usiseme kesho, usiseme mchana, maana nitakaa nikisikiliza vyombo vyote vya nyumba hii visidondoke. Fanya kazi yako. Ukishamaliza, ukishaifunga na bati lake, kabla hujanawa mikono, kabla hujamwambia mzee wala mwenzako yeyote, nipigie. Hata kama huna la kusema. Hata kama salio linatosha kuita tu, acha iite. Nitaona ni wewe, nitajua kwamba umetoa mikono, na mimi nitaendelea na kazi.

Mama yako